Mstari Mmoja Kwenye CV Yangu

Fimbo ilinipata kwenye taya la kushoto... meno mawili yakadondoka kwenye ngano.

Aliyenipiga hakuwa mwizi. Wala hakuwa adui.

Alikuwa Gidamis, rafiki yangu tangu tunachunga ndama.

"Umetuuza, Tluway," alisema, akainua fimbo tena.

Wadau, naapa, wakati ule sikujua nimemuuza vipi. Nilikuja kujua ofisini, muda mfupi baadaye, na bora nisingejua kabisa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa 1986. Mimi mtoto wa Dongobesh, mwaka wa pili chuo cha kilimo, natafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye shamba moja la ngano la serikali kule Hanang. Jina la shamba naliacha. Bila shamba kunipokea, mwaka wa tatu ningeusikia kwenye bomba.

Nafasi moja. Waombaji kumi na wawili. Wenzangu wote wamenizidi alama!

CV yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilijaza dini, urefu wangu, na kwamba napenda mpira. Mkufunzi wetu, Mama Verediana, aliikata yote kwa kalamu.

"Andika unachokiweza wewe, ambacho hao kumi na mmoja hawana," aliniambia.

Niliwaza wiki nzima...

Sasa, sisi Wairaqw wa milimani tuna kawaida ya kuwakabidhi Wabarabaig wa tambarare ng'ombe wetu wawatunze. Wa baba walikuwa kwa baba yake Gidamis, na kila likizo nilishuka kwenda kuchunga naye. Lugha yao naijua. Njia zao nazijua, hata zile ambazo trekta zilishazilima juu na wao bado wanazipita, japo shamba limekataza.

Basi chini ya "Ujuzi" nikaandika kwa majigambo: "Nafahamu njia zote za mifugo zinazokatiza shambani kwenda kulamba chumvi ya ziwani, na siku zake."

Msinicheke. Niliona nimepatia kweli kweli.

Wiki mbili hazikuisha, barua ikaja. Nimechaguliwa!

Siku yangu ya tatu, asubuhi na mapema, mkuu wa walinzi, Nikolausi, alinipakia kwenye Landrova akasema nakwenda kumtafsiria. Tulipofika karibu na korongo nikaona walinzi wanane wamelala ndani ya ngano, marungu mkononi.

Ng'ombe wakatokea, na vijana watatu nyuma yao.

Hakuna neno lililotafsiriwa.

Walipiga watu, wakapiga ng'ombe. Ndama alivunjwa mgongo mbele ya macho yangu, na mama yake nilimtambua. Alikuwa yule mwekundu wa baba. Damu ikarukia viatu vyangu vya chuo.

Nikaruka kutoka kwenye gari, nawapigia kelele waache. Gidamis, mmoja wa wale vijana watatu, akageuka, akaona gari nililotoka.

Ndipo ile fimbo ikashuka.

Ya pili haikunifikia. Nikolausi alimpiga rungu kwenye mkono wa kulia, mara nne, na hata alipoanguka hakuacha. Niliusikia mfupa. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu yangu, natoka nje.

Ofisini, kitambaa mdomoni kimelowa damu, nilimuuliza meneja walijuaje njia na siku. Alifungua faili taratibu, akanisogezea karatasi.

CV yangu... Mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu.

"Nimesoma nyingi," alisema. "Hii ndiyo bora kuliko zote."

Nililia kama mtoto. Niliondoka siku ileile bila cheti, nikarudia mwaka. Nilijichukia, na kwa kweli bado najichukia.

Ilinichukua miaka sita kwenda kwa Gidamis kumwambia ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa maziwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukupona. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Vijana wa vyuo mlioko humu, nisikilizeni. Mama Verediana alikuwa sahihi. Urefu na dini acheni, ukurasa mmoja unatosha, onyesha unachokiweza. Ila kabla hujaituma CV yako, jiulize huyo atakayeisoma ataufanyia nini ujuzi wako, na nani ataumia.

Mwezi uliopita Gidamis alikuja kwangu Katesh na mjukuu wake, Zita. Yuko mwaka wa pili, anatafuta nafasi kama niliyoitafuta mimi. Alikuwa amemleta nimsaidie CV... mimi, kati ya watu wote.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye "Ujuzi". Zita akasimamisha kalamu, akaniuliza kwa aibu aandike nini.

Babu yake, ambaye hajui kusoma, aliweka ule mkono uliopinda juu ya karatasi.

"Andika ya kwako," alimwambia. "Ya kwetu acha."