Rezista za Ashrafu na Mkono wa Shigela

Mimi ni Faraji, mwana wa Kibwana, mwana wa Mwinshehe, mzaliwa wa Masaki, wilayani Kisarawe. Babu yangu Mwinshehe alisomesha Kurani watoto wa vijiji vitatu, na hadi leo hakuna aliyesema kwamba mzee yule alipata kutoa neno la uongo. Baba yangu Kibwana alikuwa karani wa chama cha ushirika, mpanga madaraja ya korosho. Gunia lilifunguliwa mbele yake, akatazama, akataja daraja lake, na wakulima wakakubali bila ugomvi, kwa kuwa jicho lake halikumpendelea mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa fundi wa nyaya za simu kwa miaka thelathini na mmoja. Siku ya kuajiriwa tuliwekewa mezani nyuzi za rangi nyingi, tukaamriwa kuzipanga. Katika vijana kumi na wanane, tulifaulu watano.

Nimewataja watu hao kwa makusudi. Fahari niliyokuwa nayo juu yao ndiyo iliyomtia mjukuu wangu katika uongo, na uongo huo ulimwumiza mtoto wa watu.

Sasa nimestaafu, naishi Kongowe, Kibaha. Binti yangu Tatu anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Zegereni, hivyo wanawe wawili nimewalea mimi. Ashrafu ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili. Hajira ana miaka kumi na mmoja. Nyumbani kwangu mtoto halali baada ya sala ya alfajiri. Ashrafu huteka maji na kufagia uwanja, Hajira huosha vyombo, kisha kila mmoja husimama mbele yangu amefunga vifungo vyote vya shati, akasema, "Shikamoo, babu," ndipo aondoke kwenda shule.

Mwaka jana, Mwalimu Onesmo, anayefundisha fizikia, alianzisha chama cha redio shuleni kwa Ashrafu. Alikuwa amepata boksi la vipuri vya kuunda redio ya kuwasikiliza watu wanaozungumza hewani kutoka nchi mbalimbali, si kwa ajira bali kwa kupenda tu. Wanachama walikuwa saba, na walikutana kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na rezista zaidi ya mia moja. Rezista ni kijipande chembamba kama punje ya mpunga, chenye waya huku na huku, na kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kwa wingi. Haikuandikwa namba, bali imezungushiwa mistari ya rangi, na kila rangi ina namba yake. Kahawia, nyeusi na nyekundu maana yake ni elfu moja. Kahawia, nyeusi na kahawia maana yake ni mia moja. Ukiweka ya mia moja mahali pa elfu moja, umeme hupita mara kumi ya unaotakiwa, na kilicho mbele yake huungua.

Kazi ya kuzisoma rezista alipewa Ashrafu. Alizibeba nyumbani, akazipanga katika trei la mayai, kila shimo na namba yake. Kazi ya kulehemu, yaani kuunganisha vipuri kwa chuma cha moto, alipewa kijana aitwaye Shigela, mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Baba yake, Masanja, ni mfugaji aliyehamia Masaki akitoka kaskazini, na alikuwa amemwacha mwanawe kwa ndugu yake hapa Kongowe ili asome. Watu wote walijua sharti lake. Siku ya mkutano wa wazazi angekuja kuona Shigela amejifunza nini. Asiporidhika, angemrudisha kwenye ng'ombe.

Alhamisi moja nilipita shuleni kuwatazama, nikasimama mlangoni.

"Shigela, hiyo siyo pembe ya ng'ombe, ishike taratibu!" alisema msichana mmoja, Modesta, na wenzake wakacheka.

"Ng'ombe angekuwa ameshatulia," Shigela alijibu bila kuinua macho. "Wewe ndiye unayetikisa meza."

Ashrafu akamsogezea rezista. "Oya, ya elfu moja hiyo hapo."

"Una uhakika?"

"Mimi mjukuu wa fundi simu, halafu unaniuliza uhakika?"

Nilitabasamu, nikaenda zangu. Nawaambia wazi kwamba nilifurahi.

Jumamosi ya mkutano darasa lilijaa. Masanja alikaa nyuma, fimbo yake magotini. Mwalimu Onesmo aliunganisha betri, Shigela akabonyeza swichi. Redio ilikoroma kidogo, kisha ikatoa moshi mwembamba na harufu kali. Transista ya mwisho, kipuri cha kukuza sauti, ilikuwa imeungua.

Mwalimu aliinama juu ya bodi. "Rezista hii ni ya mia moja. Hapa ilitakiwa ya elfu moja. Nani aliiweka?"

"Mimi, mwalimu," alisema Shigela. "Niliweka niliyopewa."

"Ashrafu, ulimpa ipi?"

Ashrafu alinitazama mimi kwanza. "Nilimpa ya elfu moja, mwalimu. Labda amechanganya mwenyewe."

Nami, mzee mzima, nikasimama na kusema kwa sauti, "Mtoto wa ng'ombe atazijulia wapi rangi?"

Watu wakacheka. Masanja hakucheka. Alisimama, akamshika mwanawe bega, wakatoka. Jumatatu iliyofuata kiti cha Shigela kilikuwa kitupu.

Tangu siku ile Ashrafu alipungua. Alibakisha chakula, na nikimwuliza habari za chama cha redio alisema amechoka. Nikadhani ni homa. Hajira alikuwa ametoka kuugua malaria, nikamnunulia na kaka yake dawa. Lakini hakuwa na homa.

Wiki ya tano Mwalimu Onesmo alikuja nyumbani, amebeba lile trei la mayai na mita ya kupimia umeme. Hakutaka hata chai.

"Mzee Faraji, nimepima rezista zote," alisema. "Katika shimo la elfu moja, tisa ni za mia moja. Katika shimo la mia moja, saba ni za elfu moja. Shigela hakuwahi kulishika trei hili. Lilitoka mikononi mwa Ashrafu likaingia kabatini kwangu. Nami nina lawama. Mita ilikuwa haina betri, nikaegemea macho ya mtoto."

Nilimwita Ashrafu. Nikaweka mezani rezista mbili, moja ya elfu na moja ya mia. "Soma."

Alizitazama kwa muda mrefu.

"Soma, nimesema!"

"Hazisomi, babu." Aliyejibu alikuwa Hajira, amesimama penye pazia. "Kwake nyekundu na kahawia ni rangi moja. Tangu zamani. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea rangi, yeye anaandika. Wiki aliyozileta rezista hizi nilikuwa naumwa."

"Ni kweli?" nilimwuliza Ashrafu.

"Ni kweli."

"Kwa nini hukusema?"

Alisema polepole, "Nilikwambia, babu. Nikiwa darasa la pili. Ulinituma nikuletee kanga nyekundu ya mama, nikaleta ya kahawia. Nikakwambia naziona sawa. Ukanichapa. Ukasema nyumba hii haijapata kuzaa kipofu."

Nilikumbuka fimbo, na kanga ile nikaikumbuka.

Asubuhi yake tulianza na hospitali. Mganga wa macho alimwonyesha vitabu vya madoa ya rangi, akathibitisha. Ni hali ya kuzaliwa, alisema, watu wengi wanayo, haina dawa, wala si aibu. "Tatizo linakuja mtu akilificha," aliongeza, akinitazama mimi zaidi ya mtoto.

Kutoka hapo tulikwenda Kisarawe mjini, tukachukua bodaboda hadi Masaki, kijiji nilichozaliwa. Tulipita mashamba ya mihogo na mikorosho ambayo marehemu baba yangu aliijua mmoja mmoja. Nilikuwa nimezoea kuingia Masaki kichwa juu. Siku ile nilimwomba dereva apite njia ya nyuma.

Masanja alikuwa zizini. "Shikamoo, mzee," aliniamkia, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu. Niliitika marahaba kwa sauti ya chini.

Shigela alitoka nyuma ya zizi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Gogo la kufungia zizi lilikuwa limemwangukia wiki nne nyuma, likavunja vidole viwili. Zahanati ilimfunga, lakini vidole havikuunga vizuri. Havikuweza tena kukunjika.

Nikaanza kueleza. Masanja akainua mkono kunizuia.

"Subiri, mzee. Ulisema mbele ya watu kwamba mtoto wa ng'ombe hajui rangi. Shigela, mwambie. Ng'ombe yule pale ni wa rangi gani?"

"Mwekundu wa udongo," alisema Shigela.

"Na mama yake?"

"Mwekundu wa damu iliyokauka. Yule wa nyuma ni kahawia ya maharage, tumboni ana kijivu cha majivu. Yule mdogo watu humwita mweusi, lakini juani ni kahawia iliyokoza."

Alitaja ng'ombe ishirini na watatu. Kila mmoja alikuwa na jina la rangi yake, na hakurudia hata moja. Kwao, ng'ombe akipotea, ndivyo anavyotafutwa: kwa rangi, kijiji hadi kijiji, na mtoto anayekosea rangi amepoteza ng'ombe wa baba yake. Mimi niliyepangishwa nyuzi mezani nilisimama nikimsikiliza, nikajiona mdogo.

"Sasa sema ulichojia," alisema Masanja.

Lakini Ashrafu alitangulia. Alipiga hatua hadi mbele ya Shigela. "Ni mimi. Nilizipanga vibaya. Sizioni rangi, nikaogopa kusema, nikakusingizia. Mwalimu ameshajua. Babu ameshajua. Nisamehe."

Shigela alimtazama. "Huzioni kabisa?"

"Nyekundu na kahawia. Na kijani nyingine."

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema Shigela. "Ningekusomea mimi. Tulikuwa tumekaa meza moja."

Kisha akautazama mkono wake. Ashrafu akalia.

Nilimwomba Masanja radhi kwa maneno kamili, bila kuyazungusha. Alinisikiliza hadi mwisho. "Ulimtukana mbele ya watu," alisema. "Msafishe mbele ya watu. Ukifanya hivyo, Jumatatu atarudi shule."

Mwalimu Onesmo aliitisha wazazi. Nilisimama pale pale niliposimama siku ya moshi, nikaeleza kosa la mjukuu wangu, kisha langu, ambalo ndilo kubwa zaidi. Hakuna aliyecheka. Nilikaa nikiwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka juu ya nguzo za simu.

Shigela amerudi shule. Hawezi tena kulehemu. Sasa yeye ndiye anayesoma rezista, Ashrafu ndiye anayelehemu, na hakuna rezista inayogusa bodi kabla ya mita kuthibitisha. Mwezi uliopita waliiwasha redio. Katikati ya mkoromo ilisikika sauti ya mtu wa mbali akitaja namba za kituo chake. Watoto wakashangilia. Ashrafu alimgeukia Shigela, akampa mkono. Shigela aliupokea kwa mkono wa kushoto, akarudi kwenye trei lake. Wanafanya kazi vizuri pamoja. Lakini hawataniani kama zamani, nami sitawalazimisha.

Jioni ile nilimkalisha Ashrafu, na Hajira pembeni yake, nikawaambia maneno ninayowaambia na ninyi mnaosoma. Mtu asiyeona rangi hajatenda kosa lolote. Anayesema "naona" wakati haoni, ametenda. Na akiona mwenzake anabeba lawama yake, akanyamaza, kila siku ya kunyamaza inaongeza madhara ambayo yeye hayajui wala hatayalipa. Siku tano za kwanza Ashrafu angemrudisha Shigela darasani kwa sentensi moja. Alingoja wiki tano, na vidole viwili havikunjiki.

Sisi wakubwa tuliowatia hofu watoto wetu tutajibu kwa Mungu. Ninyi msitungoje tuwe wema ndipo mseme kweli. Kama kuna jambo huliwezi, huoni, husikii au hulielewi, liseme leo: kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa mwenzako wa meza moja. Mkichapwa kwa kusema kweli, semeni tena. Nimelisema hili nikiwa mzee, na ninataka lishikwe.