Mke Mwenzangu wa Mwalonini

Jioni ile nilishuka kuchuma mboga mwitu chini ya ukuta wa mji, kikapu mkononi, kisu kidogo mfukoni mwa aproni. Kila mwanamke wa kwetu hufanya hivyo mwezi wa Novemba. Ila sitadanganya, macho yangu hayakuwa kwenye mboga. Yalikuwa kwa Birba.

Birba ni mbwa jike wa mume wangu, Settimio. Waliondoka wote wawili asubuhi moja ya Oktoba kwenda kusaka tartufo, ule uyoga wa thamani unaoota chini ya mizizi, na Birba akarudi peke yake. Wanaume wa mji walilipekua bonde zima, hawakuona hata kofia. Tangu hapo, jua likianza kushuka tu, Birba hutoroka. Na akirudi ameshiba, manyoya yananuka tumbaku ya Settimio.

Mbwa havuti tumbaku. Nikajua hapa pana mwanamke.

Wasakaji wa tartufo hawamwambii mtu pahali pao. Si mtoto, si mke, hata padri hawamwambii wakiungama. Settimio alimwambia mbwa. Usiku alimkatia jibini akimnong'oneza, "Roho yangu, kipenzi changu," na mimi miaka yote ya ndoa naitwa "wee". Wee, supu iko wapi? Wee, soksi zangu? Naam, mbwa nilimwonea wivu, tena wivu wa kukosa usingizi.

Jirani yangu Argenide alikuwa dirishani akianua shuka.

"Domitilla! Unamfuata mbwa au unamfuata mume?"

"Nafuata mboga."

"Mboga gani yenye mkia?"

"Funga dirisha, shoga. Ulimi utashikwa na mafua."

Alicheka mpaka nikapita lango la mji. Birba alikuwa ameshateremka kwenye matuta ya mizeituni. Hakugeuka nyuma. Akavuka kijito, nami nikavuka, viatu vikajaa maji. Huko juu kengele ya jioni ililia. Nilipoingia kwenye msitu wa mialoni sikuisikia tena, ingawa najua haikuwa imemaliza.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Tartufo... kama kitunguu saumu kilichofungiwa kabatini. Kisha udongo mbichi. Kisha tumbaku.

Nikasimama.

Chini ya mwaloni mkubwa palikuwa na shimo, na kando yake sururu ndogo ya Settimio imechomekwa ardhini. Birba alilala kifudifudi, pua shimoni, akitikisa mkia.

"Taratibu, roho yangu... taratibu."

Sauti ya mume wangu. Ilitoka chini.

"Amekuwa akimngoja mbwa, si wewe," mtu akasema.

Aliketi upande wa pili wa shina. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mrembo, nimvute nywele. Kumbe alikuwa mzee kunizidi, kitambaa cheusi kichwani, kucha zimejaa udongo mpaka kwenye nyama. Uso wake sikuweza kuushika. Nikiutazama, unakuwa gome la mti.

"Karibu, mke mwenzangu."

"Mimi si mwenzako," nikanong'ona. "Yu hai?"

"Anakula. Anavuta. Anaongea na mbwa."

"Kwa nini umemchukua?"

"Alichimba akaondoka bila kufukia. Aliona mtu mbali, akakimbia pahali pake pasijulikane."

Kwetu hata mtoto anajua: ukichimba, fukia, la sivyo ardhi inakauka na haitoi tena. Na Settimio, kwa choyo chake cha pahali, angekimbia kweli. Huyo ndiye yeye.

"Shimo langu halikai wazi," yule mwanamke akasema. "Nikalijaza naye. Ukimtaka, mchukue. Ila weka kitu."

Akamtazama Birba.

"Hapana!" Shimo likapiga kelele, udongo ukamomonyoka. "Si Birba! Domitilla, nakusihi, si Birba!"

Jina langu! Nilikuwa nimesahau linavyosikika kinywani mwake. Alilia kwa kwikwi, mwanamume ambaye hakulia kwenye maziko ya mama yake. Alimlilia mbwa.

Nikapiga magoti. Niliweka mdomo karibu na ardhi, kwa sababu nilitaka kujua, na nilitaka kujua tangu siku ya harusi.

"Settimio... Na nikiingia mimi?"

Birba akaacha kutikisa mkia.

"Settimio, umenisikia?"

Moshi wa tumbaku ukapanda kutoka shimoni, mwembamba, polepole. Alikuwa anavuta. Alikuwa anafikiria.

Nilingoja aseme hapana. Hata hapana ya uongo ningeipokea, ningemshukuru, pengine ningeingia kweli.

Moshi ukapanda tena.

Nikasimama, nikaing'oa ile sururu.

"Domitilla?" akaita. "Domitilla, unafanya nini?"

Nikafukia. Udongo ulikuwa laini, haukunichosha. Aliita jina langu mara nyingi kuliko miaka yote ya ndoa ukiijumlisha, na kila akiita nilisukuma udongo zaidi. Nikaukanyaga kwa viatu vyangu vilivyolowa. Nikaweka majani juu, kama inavyotakiwa.

"Umefukia vizuri kuliko yeye," sauti ikasema sikioni mwangu. Nilipogeuka palikuwa na shina tu.

Birba nilimvuta kwa kamba ya aproni hadi nyumbani. Hatoroki siku hizi. Ila jua likishuka anakwaruza sakafu ya jikoni, pahali pamoja tu, kisha anatulia na kuinamisha sikio. Nami naacha kukoroga supu. Bado sijasikia kitu. Sijajua kama mwaloni ule una mizizi mirefu kiasi hicho.

Jana, baada ya ibada, padri Fulgenzio alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. Akaniuliza kwa upole kama sasa tumsomee Settimio misa ya wafu.

"Bado, Baba," nikamwambia. "Hajafa."

Wanawake wakanizunguka. Argenide alitokwa na machozi, akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema mke anayempenda mumewe hivi hajazaliwa mwingine.