Rangi Mbili Zilizoitwa Sawa

Duka la rangi lilikuwa limefurika wateja. Mwandishi wa programu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alirudi nyuma kupisha mkokoteni akakanyaga kopo lililo wazi. Kiatu kikawa bluu. Mchanganya rangi, dada mwenye aproni ya madoa ya kila namna, alimtazama kwa utulivu. "Hiyo ni ya chumba cha watoto, kaka. Lakini imekupendeza."

Tangu hapo kijana hakukosa sababu ya kurudi dukani. Bosi wa duka, ambaye si mjinga, akampa kazi: aiandikie mashine programu ya kuchanganya rangi.

Kijana na dada walipokuwa wapenzi tayari, kijana alimweleza mwenzake kwa simu alivyoiandika. Alama ya kujumlisha ilizoea namba, lakini lugha yake ya programu ilimruhusu kuipa kazi mpya: njano jumlisha bluu, jibu kijani. Na alama ya usawa aliifundisha kwamba rangi mbili zikikaribiana sana, izihesabu kuwa moja.

"Zikikaribiana kwa macho ya nani?" dada aliuliza.

"Yangu, mpenzi."

"Wewe unayevaa soksi zisizofanana?"

Wakacheka, yakaishia hapo.

Mwezi uliofuata, ukuta wa ukumbi wa shule uliopakwa rangi ya duka hilo ulitoka na mabaka. Makopo yote mashine iliyaita sawa, kumbe nusu yake yalielekea kijivu. Bosi alidai vipimo vimekosewa, akamsimamisha kazi mchanganya rangi. Dada alimpigia mpenzi wake akilia. Naye, akijua fika kosa ni la nani, akaogopa kuonekana hajui kazi.

"Pole, mpenzi," alisema. "Sijui imekuwaje."

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya tatu dada alikumbuka yale mazungumzo ya simu kuhusu macho, akaelewa. Kosa angelisamehe, kilichomuuma ni kuachwa abebe lawama peke yake. Hakupokea tena simu zake.

Kijana alikonda kwa wiki nzima. Mwisho alisimama dukani, wafanyakazi wote wanasikia, akamwambia bosi ukweli. Dada akarudishwa kazini siku hiyo, na kijana akaomba kuupaka ule ukuta upya kwa mkono wake.

Dada alimkuta juu ya ngazi, shati limeharibika kabisa. Kijana alishuka, akamwonyesha vibao viwili vya rangi.

"Ziko sawa?"

"Hapana. Cha kushoto kinaelekea kijivu kidogo."

"Mimi sioni tofauti. Ile kanuni yangu nimeifuta. Sasa mashine ikiwa na shaka, inasimama na kukuuliza wewe." Akaweka vibao chini. "Nataka kukuoa. Nilikuwa mwoga, na naona aibu."

Dada aligeuka akautazama ukuta. Bado alikuwa na hasira, na bado alimpenda.

"Ukikosea tena, utasema lini?"

"Siku hiyohiyo."

Dada aliokota brashi ya pili, akaichovya.

"Basi Jumapili uje umwone mama," alisema. "Na soksi nitazikagua mlangoni."