Shangazi Aliyetazama Kutoka Juu

Kila jioni baada ya kuosha vyombo, msichana waliyempa jina la utani Mawingu alijilaza mkekani uani, fikra zake zikapaa. Kando yake shangazi, askari mstaafu, alipiga pasi huku akimsimulia habari za ndege zisizo na rubani. Zamani, alisema, jeshi moja liliwahi kurusha mabomu kwa maputo, upepo ukayapeleka ulikotaka wenyewe. Baadaye zikaja ndege zilizoongozwa kwa redio, wapiga mizinga wakazilenga kujifunza shabaha. Halafu zikafungwa kamera za kupelelezea, na mwishowe makombora. Yeye aliongoza zile za kamera. Aliketi chumbani mbele ya skrini, akatazama barabara nyembamba kama uzi na nguo zikipepea kwenye kamba za watu asiowajua.

Mawingu aliyaeleza hayo darasani. Wenzake walipoanza kupiga miayo, akatia chumvi: shangazi yake aliwahi kulipua kijiji kizima kwa kubonyeza kitufe. Darasa likapiga makofi. Rafiki yake wa dawati moja hakupiga. Aliinama. Familia yake ilikimbia vita, na huko kwao mlio wa ndege hizo ulikuwa haukatiki juu ya paa. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwa akina Mawingu.

Mawingu alikosa raha. Mwishowe akamweleza shangazi. Shangazi alizima pasi. Hakumgombeza. Alimshika mkono wakaenda kwa rafiki, na pale kibarazani Mawingu akakiri kwamba alidanganya, na kwamba darasani pia angesema.

Rafiki alimkazia macho shangazi. "Ulikuwa unatuona?"

"Si ninyi, mwanangu. Watu kama ninyi. Siku moja niliona watoto wakicheza mahali palipolengwa. Nikawaambia wakuu wangu kwamba wapo. Kombora halikurushwa." Akashusha sauti. "Siku nyingine sikujua kilichofuata."

Rafiki alifikiri kidogo, kisha akasogea kwenye benchi, akampisha Mawingu aketi.

Njiani kurudi, anga ilikuwa tulivu, rangi ya maziwa. Shangazi alitembea polepole.

"Kazi yangu ilikuwa kusema nilichokiona, bila kuongeza wala kupunguza," alisema. "Nawe fanya hivyo hivyo. Ukiongeza neno la uongo, hujui litamwangukia nani."