Kisu cha Kukaa Mfukoni

Kijiti cha udi ambacho Daksha alikiwasha asubuhi hiyo mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, kilikuwa kinawaka vizuri, moshi unapanda, harufu imejaa duka zima, ila kilikuwa hakipungui. Alikitazama, akadhani ni macho yake, akaendelea kupanga kufuli kwenye kabati la vioo. Mjane mwenye duka la kuendesha hana muda wa kubishana na kijiti.

Ilikuwa Machi 2008 na Nakuru ilikuwa imetulia baada ya vurugu za uchaguzi, utulivu ule wa watu wanaosalimiana huku wakitazamana mikono. Duka la vyuma la Daksha, nyuma ya soko, lilikuwa limerudi kufanya kazi, lakini biashara ilikuwa imelala. Mapanga aliyaondoa rafuni tangu Januari na kuyafungia stoo. Januari hiyohiyo, wahuni walipokuja na mawe na petroli, Nyongesa mfanyakazi wake alisimama nje ya mlango wa chuma akawabembeleza mpaka wakaenda kwingine, huku Daksha yuko ndani, amejibana nyuma ya magunia ya saruji, akisikia kila neno. Tangu siku hiyo alikuwa akimwambia kila mtu kwamba Nyongesa ni mwanawe.

Sasa, kama umewahi kuingia duka la Mhindi wa zamani asubuhi na mapema kutafuta msumari mmoja, unajua kwamba mteja wa kwanza hatoki mikono mitupu. Wenyewe huita boni. Mauzo ya kwanza ndiyo yanayofungua siku. Mteja wa kwanza akiondoka bila kununua, siku nzima imekwenda na maji, na kabla hajanunua hahudumiwi mtu mwingine, hata aje na lori. Wajanja wa mjini waliijua siri hiyo, wakawa wanaamka na jogoo kwenda kuvuta bei. Daksha alijua kwamba wanajua. Alinung'unika, akapunguza.

Wa kwanza siku hiyo hakuonekana akiingia. Nyongesa alikuwa ameinua mlango wa chuma hadi nusu, akainama kufunga mnyororo, na alipoinuka mtu alikuwa ameshasimama kaunta. Alivaa suti ya kijivu, safi. Alikuwa na uso wa kawaida kabisa, ule ambao ukiulizwa baadaye unashindwa kuueleza.

"Karibu, boss," alisema Nyongesa.

"Natafuta kisu cha kukunja," alisema yule mtu. "Cha kukaa mfukoni kila siku. Kazi ndogo ndogo."

Hapo mchezo wa zamani ukaanza. Daksha na Nyongesa walipenda kushindana kuuza, na atakayeshindwa huchekwa hadi jioni. Daksha alitoa kabatini kisu chenye mpini wa pembe, kidogo, kinachong'aa kwa kufutwa vumbi miaka yote dukani. Nyongesa akafungua katoni mpya, akatoa cheusi chenye klipu ubavuni.

"Boss, chukua hii," alisema Daksha. "Hii hata ukitoa mbele ya watu hakuna mtu anashtuka. Unamenya chungwa, unakata kamba, unarudisha mfukoni. Siku hizi polisi inapekua watu. Hii hawawezi sema ni silaha."

"Lakini hiyo haina lock," alidakia Nyongesa. "Ukibonyeza vibaya inakukunjia kidole. Hii nyeusi ikifunguka imefunguka. Sikia." Akaifungua. Tak. "Na ikifungwa imefungwa. Hii klipu inashika mfuko, haiwezi kupotea."

"Yeye anataka kumenya chungwa, Nyongesa, hataki kuchinja ng'ombe."

Mteja alivishika, kimoja kila mkono. Akavipima. Kisha akaviweka chini taratibu. "Siwezi kuamua," alisema. "Wacha tu." Akageuka kuelekea mlangoni.

Alikuwa anaondoka. Hilo lisisahaulike. Mguu mmoja ulikuwa tayari kizingitini, na angeachwa angekwenda zake. Lakini Daksha hakuwa amewahi kumwacha mteja wa kwanza atoke hivi hivi, tangu alipoolewa akakabidhiwa ufunguo na mama mkwe wake, na ulimi wake haukungoja ruhusa.

"Boss! Ngoja! Rudi, mimi napunguza bei. Wewe ndiyo wa kwanza."

Yule mtu alisimama, mgongo umewaelekea.

"Umeniita?"

"Ndiyo, mimi nakuita. Rudi bwana."

"Basi siwezi tena kuondoka bila kununua," alisema, akarudi, na safari hii alirudi na harufu, harufu ya mawe mabichi ya mahali pasipofika jua.

Alichukua cheusi, akakifunga. Nyongesa akainama. Aliinama kutoka kiunoni, taratibu, hadi paji la uso likagusa kaunta, akabaki hivyo.

"Umeangusha nini?" aliuliza Daksha.

Yule mtu akafungua kisu, tak, na Nyongesa akainuka, jasho limemlowesha shingo. "Sijaangusha kitu, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui ni nini hiyo."

Kisha yule mtu akachukua cha mpini wa pembe, akaanza kukifunga kwa kidole gumba, polepole kama anayesikiliza, na kidevu cha Daksha kikaanza kushuka. Alikaza shingo, haikukazika. Kidevu kilishuka hadi kifuani, koo likajikunja, pumzi ikawa uzi, na alichoweza kuona ni vifungo vya sweta yake tu. Kisu kilipofunguliwa shingo ilipanda yenyewe.

Hapo ndipo Gachanja fundi wa mabomba alipokuja, mteja wa miaka yote, akasimama kizingitini na begi lake la vifaa. Daksha alimpungia mikono miwili. Nyongesa akamwita kwa jina. Gachanja aliweka kiganja juu ya macho, akachungulia ndani, akawatazama usoni kabisa, kisha akageuka na kupaza sauti kwa Mugure, mama wa chai ng'ambo ya barabara.

"Mugure! Kwani mathe wa hardware leo amelala? Hajafungua!"

"Labda ni mgonjwa," alijibu Mugure.

Gachanja akaenda zake. Daksha akageuza macho kwa udi. Moto ulikuwa bado pale kwenye ncha, kijiti kizima, hakuna hata jivu. Siku haikuwa imefunguka, na ni yeye mwenyewe aliyeshika komeo lake.

"Mama," alinong'ona Nyongesa, "huyu mtu anaongea Kibukusu. Ya kwetu kabisa, Kimilili. Ni kama namsikia babangu."

"Kibukusu wapi? Anaongea Kigujarati. Gujarati ya mama yangu."

Walitazamana. Yule mtu alitabasamu akiwa ameinamia visu vyake, kama mtu asikiaye wenzake wakimsema jikoni.

Nyongesa akakimbia. Hakuaga. Aliruka kaunta na kuukabili mlango uliokuwa wazi, jua la barabarani liko pale, watu wanapita, muuza magazeti anapita, mtoto wa shule anakokota mwavuli, na alikuwa amebakisha hatua chache tu kufika kwenye lile jua wakati mlio wa cheusi kufungwa uliposikika nyuma yake, naye akajikunja akiwa bado anakimbia, akaanguka kizingitini amejikunja hivyo, magoti kifuani, mikono imebanwa katikati, macho wazi yanawatazama wapita njia wanaomruka bila kujua kwamba wanaruka mtu. Kisha kisu kikafunguliwa, akafunguka, akarudi kaunta akitambaa, kwa sababu hakukuwa na kwingine pa kwenda.

"Boss, chukua zote," alisema Daksha. "Zote mbili. Bure. Mimi nakupatia zawadi."

"Bure si mauzo, Mama. Na mimi nina mfuko mmoja tu."

"Basi toka! Siuzi!"

"Uliniita," alisema kwa upole. "Nilikuwa natoka, ukaniita."

Daksha alitafuta mkono wa Nyongesa chini ya kaunta, akaushika. Ulikuwa baridi.

"Mama, usiniuze," alinong'ona Nyongesa. "Niko na watoto. Mke wangu Anyango hata hana kazi."

"Nitakuuza vipi? Wewe ulisimama hapo nje Januari. Wewe ni mtoto yangu. Mimi siwezi."

Na alimaanisha. Ukitaka kumhukumu Daksha, anza kwanza kwa kukubali kwamba wakati anasema maneno hayo alikuwa anayamaanisha kwa moyo wake wote.

"Nyinyi mnazijua bidhaa zenu," alisema yule mtu. "Kijana, niambie wewe. Kipi ni kizuri cha kuishi nacho?"

Nyongesa alikitazama kisu cha mpini wa pembe. Neno moja lingetosha. Daksha alihisi mkono ule baridi ukimbana vidole, ukilegea, ukibana tena.

"Mimi ni wa kuajiriwa tu, boss," alisema mwishowe. "Sijui."

"Basi tuongee na mwenye duka." Akakifunga cheusi mpaka mwisho, akakiweka kando, na Nyongesa akashuka nyuma ya kaunta, akajikunja sakafuni, paji la uso juu ya magoti, kimya. Kisha yule mtu akachukua kile kingine. Hakukifunga mara moja. Alikifunga kwa upana wa ukucha, akangoja, akafunga tena, na Daksha akaenda nacho, shingo inakunjika, koo linaziba, damu inavuma masikioni, akiwaza kuhusu mwanawe Mayur aliye Naivasha anauza pampu za maji na hajui chochote, akiwaza kwamba atakufa ameinamia sweta yake mwenyewe katika duka ambalo kila mtu anadhani limefungwa, na alipofikiri pumzi imekwisha kabisa kisu kililegezwa kidogo, kiasi cha mtu kuweza kusema.

"Kipi, Mama?"

Aliogopa kufa. Hakuna maneno mazuri zaidi ya kulieleza jambo hilo.

"Nyeusi," alisema. "Chukua nyeusi. Iko na lock. Ikifungwa imefungwa. Haiwezi potea."

"Asante, Mama. Umenisaidia sana." Aliweka noti kaunta, akakiingiza kisu mfukoni, akasukuma klipu mpaka ikashika, akatoka.

Jivu la udi likaanguka. Honi, makelele ya soko, redio ya Mugure, vyote vikaingia kwa pamoja, na Gachanja akachungulia tena akicheka. "Aa, kumbe mko!"

Nyongesa alisimama nyuma ya kaunta, akajipangusa magoti. Alionekana mzima.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Amechukua gani?"

Daksha alijifanya anatafuta chenji ya Gachanja. "Nyeusi," alisema. "Alichagua yeye mwenyewe."

Nyongesa akakirudisha cha mpini wa pembe kabatini. "Afadhali hakuchukua yako, Mama," alisema, akaenda kumpimia Gachanja misumari. Siku hiyo wateja walipanga foleni hadi barabarani, na Daksha aliingia stoo mara kwa mara kulia.

Kesho yake Nyongesa aliinama juu ya mzani akiwa na kilo mbili za misumari mkononi, akabaki ameinama mpaka mteja akachoka kungoja. Keshokutwa ikawa barabarani. Jumapili ikawa kanisani Lanet, watu wamesimama wanaimba, yeye amejikunja kwenye benchi. Haikuwa na saa maalumu. Ilikuja kama mtu anapomaliza kumenya tunda, au anapokata uzi wa kifungo, kazi ndogo ndogo za kila siku za mtu ambaye hawakujua yuko wapi. Anyango, mkewe, mwanzoni alidhani ni mgongo. Alimpaka dawa ya kuchua, akampeleka hospitali, akamwitia wachungaji wakakemea hadi wakapoteza sauti.

Daksha ndiye aliyelipa teksi wampeleke kwa sheikh mmoja wa Bondeni, mzee aliyesifika kwa kutoa majini. Sheikh alisoma, akafukiza, akaweka kiganja mgongoni mwa Nyongesa kwa muda mrefu. Kisha akakusanya vitu vyake.

"Hakuna wa kutoa hapa," alisema. "Jini hayumo ndani yake. Yeye ndiye aliye mfukoni mwa jini. Na kama aliuzwa kwa haki, mimi nitamdai nani?" Akamtazama Daksha. "Nani aliuza?"

Daksha alisema hajui.

Juni, Anyango alikuja dukani bila kitambaa kichwani, amevaa ndara za mtoto. Nyongesa alikuwa amejikunja tangu Ijumaa na hakuwa amefunguka. Hali wala hanywi, lakini anapumua. "Twende ukae na yeye, Mama," alisema. "Anakupenda sana. Kila siku ananiambia vile ulimkatalia huyo mtu."

Daksha alikwenda Lanet. Alimkuta kitandani amelazwa ubavu, magoti kifuani, kichwa kimezama kati ya mikono, mdogo kuliko mtu mzima anavyopaswa kuwa. Anyango alitoka kuchemsha chai. Daksha aliketi kwenye stuli, akaweka mkono juu ya bega lile gumu, akaanza kulia bila sauti.

Bega likasogea. Kichwa kilinyanyuka kidogo, upana wa ukucha, kama kuna kidole gumba mahali fulani kinajaribu tu.

"Mama," alisema Nyongesa.

"Niko hapa, mtoto yangu. Niko hapa."

"Ile siku nilikuwa nimefungwa. Lakini nilikuwa nasikia." Alivuta pumzi kwa shida. "Kila kitu."

Kichwa kikarudi chini, magoti yakabana, akafungika. Daksha bado alikuwa na mkono juu ya bega lake Anyango alipoingia mbio, kikombe kinamwagika.

"Nimesikia sauti yake! Ameongea? Amesema nini?"

Daksha alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Amesema asante," alimjibu.