Habari Njema Kutoka Kware

Julai ilikuwa imeibana Nairobi kwa baridi ya kugonganisha meno, na bado watu wawili walikuwa wameng'ang'ania feni moja katika soko la Jericho. Msichana alikuwa ameikamata mguu, kijana ameikamata kichwa. Kui, mwenye meza ya vyombo vya mitumba, aliwatazama huku akipuliza chai yake.

"Baridi hii yote, mnapigania feni?" aliuliza. "Mna homa?"

"Nilifika kwanza," msichana alisema. Koti lake la rangi ya haradali lilimfika magotini, na kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kilichoyafanya macho yake yaonekane makubwa zaidi. "Muulize huyu anaitakia nini."

"Wewe unaitakia nini?" kijana akamgeuzia.

"Kupoza kompyuta."

Kijana alilegeza mkono. Alivaa jaketi la jinzi lililofifia mabegani na raba nyeupe ambazo, licha ya matope ya soko, zilikuwa safi. "Mimi pia," alisema.

Walitazamana kwa shaka, kama wanawake wawili waliokutana harusini na gauni moja.

"Kompyuta gani hiyo inashikwa na joto Julai?"

"Inayokokotoa hewa inayokimbia kuliko sauti. Haizimwi wiki nzima. Yako je?"

"Zangu. Nina saiba Kware, watu wanalipia intaneti. Ghorofa ya chini, chumba hakina dirisha."

"Ziko ngapi?" msichana aliuliza, upesi mno.

Feni ilikwenda Kware. Nambari ya simu ya kijana ikaenda Makongeni, alikoishi msichana.

Msichana aliitwa Kezia Adongo, mtoto wa karani wa reli, mwanafunzi wa uzamili wa hisabati. Kijana alikuwa Wanyoike, mzaliwa wa Jericho, aliyeacha kazi ya ofisi ili awe na mlango wake mwenyewe wa kufungua asubuhi. Jumapili ya pili, baada ya kanisa, Kezia alikuwa ameketi katika saiba hiyo, na kompyuta za safu ya nyuma zilikuwa zikinguruma kwa ajili yake peke yake.

"Haya, mwalimu," Wanyoike alisema, akivuta kiti karibu. "Nieleze mashine zangu zinafanya nini."

"Hewa ikikimbia kuliko sauti, ikikuta kizuizi haipati muda wa kupisha. Inajigonga. Pale inapojigonga ndipo penye wimbi la mshtuko. Nyuma yake inavurugika, inazaa visulisuli. Vikubwa vinazaa vidogo, vidogo vinazaa vidogo zaidi."

"Kama kile kilichompandisha Eliya?"

"Eliya alichukua kikubwa. Mimi natafuta vidogo."

"Huna tamaa. Na kompyuta inavionaje?"

"Inaikata hewa vipande, inahesabu kila kipande. Shida iko kwenye mshtuko. Namba zinaruka ghafla, hesabu nzima inalipuka. Kwa hivyo tunaiongezea hewa uzito wa uongo, unaitwa mnato bandia. Ukitia kidogo, inatulia. Ukitia mwingi, inatulia kabisa na visulisuli vinakufa."

"Mambo ya mapenzi hayo."

"Toa mkono wako hapo kwanza, halafu tuongee mapenzi."

Hakuutoa, na Kezia hakurudia.

Ikawa hivyo Agosti yote. Hesabu ililipuka mara kwa mara, stima ya Kware ikapotea na kurudi ilivyotaka, na kila mara Kezia aliianzisha upya huku Wanyoike akimletea chapati moto kutoka kibanda cha jirani. Wapenzi walikuwa na furaha. Marafiki zao hawakuwa nayo.

"Mzee, huyo dem anapenda mashine zako," Griffins, rafiki wa Wanyoike, alimwambia. "Umesikia mwenyewe kuna chuo ng'ambo kinamngoja. Jopo la maprofesa likikubali hesabu zake, anapanda ndege. Wewe unabaki na bili ya stima."

"Wacha wivu."

"Sawa. Muulize angekupenda ukiwa unauza viatu."

Wanyoike hakuuliza. Lakini siku hizo alianza kumwangalia Kezia anavyoingia saibani, kuona anaanza kumsalimia nani, yeye au skrini.

Wiki chache kabla ya jopo kukaa, nyanya ya Kezia alifariki Ugenya. Familia ilisafiri kwa mazishi. Kituoni, Kezia, katika gauni jeusi la kuazima, alimkabidhi Wanyoike maagizo.

"Ikilipuka, irudishe pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Halafu unipigie. Usiguse kitu kingine."

"Nenda ukamzike nyanya, mrembo. Niachie mimi."

Jioni ya kwanza Kezia alipiga simu akiwa nyuma ya jiko la matanga, moshi machoni.

"Sasa, mpenzi. Inaendelea?"

"Inaendelea vizuri. Umekula?"

"Nimekula. Haijalipuka?"

"Hata. Pumzika."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu vilevile. Mwanzoni Kezia alishukuru. Kisha shukrani ikaanza kumwasha kama upupu. Hesabu ile haikuwa imewahi kumaliza siku tatu bila kulipuka. Alimweleza Shirleen, binamu yake, walipokuwa wakiosha sufuria.

"Kila nikiuliza ananiambia kila kitu kiko sawa."

"Basi ana mtu," Shirleen alisema bila kuinua macho. "Mwanamume asiye na malalamiko ana pa kuyapeleka."

"Si hilo ninaloogopa."

"Unaogopa nini zaidi ya hilo?"

Kezia aliendelea kusugua sufuria. Aliogopa Wanyoike alikuwa na sababu nzuri ya kutaka asifaulu. Mara mbili alikuwa amemwona akibadilisha mazungumzo ng'ambo ilipotajwa. Na mtu mwenye funguo za saiba hahitaji nyundo kuharibu kitu.

Aliporudi Nairobi hakupitia Makongeni. Alishuka na mfuko wake mgongoni, viatu vyekundu kwa vumbi la makaburini, akaingia saibani moja kwa moja. Hesabu ilikuwa imekwisha. Wanyoike, kwa shati lililopigwa pasi, alikuwa ameweka soda na keki mezani.

"Karibu, malkia. Imemaliza yenyewe."

Kezia aliifungua picha. Mstari wa mshtuko ulikuwepo, umenyooka kama mkunjo wa suruali. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Hewa ilikuwa laini, imelala, uji uliopoa kwenye bakuli. Hakuna kisulisuli hata kimoja.

Alifungua maagizo ya hesabu, akasoma namba ya mnato. Haikuwa yake.

"Uligusa mnato?"

Wanyoike aliishusha chupa ya soda. "Niligusa."

"Nilikuambia usiguse."

"Ilikuwa inalipuka, Kezi. Nilitaka itulie."

"Na ukaniambia haijalipuka. Ulitaka itulie, ama ulitaka nisiende?"

Mteja mmoja wa safu ya mbele aliacha kuchapa. Uso wa Wanyoike ukafungwa kama duka.

"Kumbe hivyo ndivyo unavyoniona."

"Nijibu."

"Nijibu wewe kwanza. Ulinipenda mimi ama safu ya nyuma? Sokoni swali lako la kwanza la maana lilikuwa ziko ngapi."

Kezia alichomoa diski yake, akatoka. Keki ilibaki mezani na kisu chake.

Siku ya jopo alivaa suti ya kijivu ya marehemu shangazi yake, iliyobanwa kiunoni na fundi wa Jogoo Road. Hakuwa na muda wala mashine za kurudia hesabu. Alionyesha picha aliyokuwa nayo. Profesa mwenye miwani aliegemea mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Picha safi sana. Inalingana na tulivyotarajia. Visulisuli vidogo havina nguvu mahali hapa, si ndiyo?"

Jibu la ndiyo lingempandisha ndege. Kezia alilihisi mdomoni, tayari limetafunwa.

"Si ndiyo, Profesa," alisema. "Mnato ulitiwa mwingi mno. Vilikuwepo, vimezimwa. Matokeo haya hayafai."

Maprofesa waliandika kitu kwenye karatasi zao. Walimshukuru kwa ukweli wake, wakamwambia arudi mwakani. Nafasi ya mwaka huu ingekwenda kwa mwingine.

Kesho yake alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba ya reli, vibanio mdomoni, simu ilipolia. Jina la Wanyoike lilikuwa kwenye kioo. Aliiacha ilie, kisha akatema vibanio.

"Unataka nini?"

"Imelipuka," Wanyoike alisema.

"Nini?"

"Hesabu yako. Nilirudisha mnato pale ulipouweka, nikaianzisha upya siku ile uliyotoka, kwa nakala iliyobaki kwenye mashine. Jana ililipuka, nikaogopa kukupigia. Leo imelipuka tena."

Kezia alisimama na shuka iliyolowa begani, maji yakimtiririka mgongoni. "Imelipukia wapi?"

"Pale mshtuko unapogusa ukuta. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na vitu. Vidogo. Vinazunguka."

"Usiguse. Nakuja."

Njia nzima alikuwa akikokotoa, maana ndivyo alivyojua kufikiri. Anayetaka kuharibu hesabu inayolipuka yenyewe hana kazi ya kufanya, anaiacha tu. Huyu hakuiacha. Aliishughulikia siku zote za mazishi, akaikosea. Lakini uongo wa simu bado ulikuwa pale, na hakuna namba iliyouondoa.

Alimkuta Wanyoike mbele ya skrini, hajanyoa, raba zake zikiwa chafu kwa mara ya kwanza. Kwenye picha, nyuma ya mshtuko, hewa ilikuwa imejaa visulisuli, vingine vikinyonga vingine, mpaka mahali picha ilipokatika.

Kezia alivitazama kwanza. Kisha akamgeukia.

"Kwa nini uliniambia haijalipuka?"

"Ulikuwa matangani. Kwetu hatumpelekei mfiwa habari mbaya ya pili. Anaachwa azike. Mama alinilea hivyo." Alijikuna kidevu. "Ililipuka usiku ule ule ulioondoka, ikalipuka na kesho yake. Nikakumbuka ulisema mnato unatuliza. Nikaongeza. Nikafikiri nimekufanyia zawadi."

"Ulinizikia na visulisuli vyangu pia."

"Najua."

"Nimekosa nafasi, Wanyoike. Niliwaambia ukweli."

Wanyoike alifumba macho. 

"Una habari nyingine mbaya?" Kezia aliuliza. "Kama unayo, itoe sasa. Nimeshazika."

Wanyoike alikisukuma kiti chake nyuma kidogo.

"Ninayo. Sikuharibu hesabu yako makusudi. Lakini sitaki uende. Nilipoona imetulia, nilifurahi kwa ajili yako, halafu moyo ukaniuma. Kwa hivyo uliponishuku, hukunionea kabisa."

Kezia alivua koti la haradali, akalitundika nyuma ya kiti. "Mimi nilikuja hapa kwanza kwa mashine," alisema. "Hiyo ni yangu."

"Nilijua."

"Nilibaki kwa chapati, na mkono uliokataa kutoka. Mwakani nitarudi mbele ya jopo. Nikipata, nitakwenda."

"Nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege, na sitatabasamu."

"Usitabasamu." Aliivuta kibodi karibu, akaanza kupunguza ukubwa wa vipande pale mshtuko unapogusa ukuta. "Jumamosi uje Makongeni, umwone mama kabla sijaanza kuhesabu miezi. Na akikuuliza hali, usimwambie kila kitu kiko sawa."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unataka kumwoa binti yake, na binti yake anapanga kusafiri. Tuone atamwaga chai upande gani."