Meno ya Kutupwa Paani

Kila alfajiri Serwaa aliamka na kumkuta mama yake ameshafika mekoni, mkono mmoja ukikoroga uji wa mtama, mwingine ukipitisha mswaki wa mti menoni. Katika mji mzima wa Techiman, Ghana, hakukuwa na muuza uji mwenye meno meupe kama yake. Wateja walidai wanafuata uji, lakini kicheko chake nacho kiliwavuta.

Ofori, mdogo wake Serwaa mwenye miaka mitatu, naye alipewa kijiti chake. Alikitafuna kidogo, akakitumia kufukuzia kuku, kazi ikaisha.

"Mama, Ofori hajaswaki," Serwaa alisema siku moja.

"Meno ya utoto hayo! Yatang'oka, tuyatupe juu ya paa, yaote mengine. Nani anapaka rangi nyumba ya kubomolewa?"

Serwaa akaridhika. Usiku Ofori akisumbua, alimbembeleza kwa uji wenye sukari tele, mtoto akalala nao mdomoni.

Asubuhi moja Ofori aliamka shavu limevimba. Uji hakuutaka, hata bajia za kunde alizozipenda alizisukuma, analia tu. Mama alizima moto huku wateja wamepanga foleni, jambo ambalo Serwaa hakuwahi kuliona. Akambeba mtoto mgongoni mpaka kliniki, Serwaa nyuma yake.

Nesi Dufie alichungulia kinywani. "Hili limeoza, litang'olewa. Na haya mawili yameanza."

"Lakini haya si meno ya kutupwa tu, Sista?" mama aliuliza.

"Yatatupwa, ila kwa wakati wake. Haya ya nyuma atayatumia mpaka afikishe miaka kumi hivi. Atatafunia nini? Tena yanayashikia nafasi yale yanayokuja. Nani anamswakia?"

"Mwenyewe. Nampa kijiti."

"Na uji wako wa kuuza, unamwachia aukoroge mwenyewe?"

Mama aliinamisha kichwa. Serwaa alisogea mbele, akasema, "Mimi ndiye ninayempa uji wa sukari akilala."

"Umefanya vizuri kusema," nesi alimjibu. "Sasa usiku ni maji tu, baada ya kuswakiwa."

Mama angeweza kununa. Wengi hununa. Yeye kesho yake alimpakata Ofori kando ya jiko, akachukua mswaki mdogo na dawa ya meno kiasi cha punje ya kunde. Ofori alimng'ata kidole.

"Fungua, kuku kajificha humo! Nimemwona mkia!"

Ofori akacheka, mdomo ukafunguka, mswaki ukapita. Ikawa hivyo asubuhi na usiku; jino bovu liling'olewa, na yale mawili yakatibiwa mapema. Serwaa alimtazama mama yake, akajivunia mno kuwa mtoto wake.

Wanawake wa foleni hawakumwacha hivi hivi. "Mama Serwaa, siku hizi unasugua hata meno ya paani?" mmoja alimtania, mwanawe mdogo akiwa kando yake anatafuna kijiti.

"Nayasugua. Nilikosea, na mwanangu ndiye aliyelia," mama alijibu bila kuona haya. "Paa litapata meno yake, lakini yaanguke yenyewe. Mwenzangu, mwanao unampakulia uji kwa nini?"

"Mkono wake bado mdogo, ataumwaga."

"Basi na mswaki mshikie wewe. Mkono ni ule ule."

Yule mwanamke hakucheka tena. Aliliweka bakuli lake chini, akamshika mwanawe kidevu, akasema, "Hebu fungua nione."